Modeli tatu za ndege zenye mabawa yanayobadilika ukubwa: maoni ya mnunuzi baada ya miezi miwili

Miezi miwili iliyopita nililipa shilingi 7,800 kwa seti ya modeli tatu za ndege zinazotengenezwa na karakana moja ndogo ya Kariobangi, Nairobi, na tangu siku hiyo zimekaa juu ya meza yetu ya chakula hapa Lang'ata, ingawa nilikuwa nimemwahidi mke wangu kwamba zingeondoka baada ya wiki moja. Si modeli za kupambia kabati. Kila moja inaonyesha njia mojawapo ambayo wabunifu wa miaka ya 1930 na mwanzo wa miaka ya 1940 walijaribu kulifanya bawa la ndege likue wakati wa kupaa na kutua, kisha lipungue ndege ikishafika juu, na zote zina sehemu zinazosogezwa kwa mkono. Nilizinunua kwa ajili ya wanafunzi wachache wa Gredi ya Tisa ninaokutana nao kila Jumamosi asubuhi, kwa kuwa nilifundisha fizikia kwa miaka ishirini na minane na kustaafu hakujaniondolea mazoea hayo. Fundi ameniomba nisitaje jina la karakana mpaka toleo la pili litakapokuwa tayari, na kwa kuwa baadhi ya nitakayoyaandika hapa ni malalamiko ambayo ameshayasikia ana kwa ana, nimeona ombi lake ni la haki.

Ili msomaji ajue ninapima nini, ni vizuri nieleze kwanza tatizo ambalo ndege hizi zilibuniwa kulitatua. Nguvu inayoiinua ndege hutegemea uzito wa hewa yenyewe, mraba wa kasi, eneo la bawa, na umbo la bawa pamoja na pembe linayoikabili hewa. Ndege iendayo kasi haihitaji bawa kubwa, kwa sababu kasi imeshafanya sehemu kubwa ya kazi, na kila mita ya mraba inayozidi huwa ni ukinzani unaochoma mafuta bure. Lakini ndege hiyo hiyo sharti itue, na kutua ni kupunguza kasi, na kasi inapopungua bawa dogo hushindwa kuibeba. Katika miaka ya 1930 nguvu za injini zilikuwa zikiongezeka haraka ilhali viwanja vingi vilikuwa bado ni vya nyasi, visivyo virefu, na rubani aliyekuja kwa kasi kubwa mno alimaliza safari yake kwenye ua wa jirani. Wabunifu walivutwa huku na huku: bawa dogo kwa ajili ya mbio, bawa kubwa kwa ajili ya usalama. Ndipo wachache wakasema kwamba kama haiwezekani kuchagua, basi bawa lenyewe libadilike.

Modeli iliyonifanya nitoe pesa ni ile ya Mak-10, ndege ya Ivan Makhonine, Mrusi aliyehamia Ufaransa. Ndege hiyo iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 11 Agosti 1931. Sehemu ya katikati ya bawa lake ilikuwa nene na tupu ndani, na vipande vya nje viliingia na kutoka humo kama antena ya redio ya zamani. Vikiwa ndani, mabawa yalikuwa na mita 13 kutoka ncha hadi ncha na eneo la mita za mraba 21. Vikiwa nje, yalifika mita 21 na eneo la mita za mraba 33. Kijitabu kinachokuja na seti kinaliita "bawa la darubini", jina ninalolikubali kwa shingo upande, kwa kuwa wanafunzi wangu hawajawahi kushika darubini ya kuvuta. Wao waliliita bawa la antena mara tu walipolishika, nami nimeamua kuwafuata.

Kwa kipimo cha moja kwa arobaini, modeli inapaswa kutanuka kutoka sentimita 32.5 hadi sentimita 52.5. Nimeipima kwa rula na yangu inafika 52.1, tofauti ambayo sina haja ya kuigombania. Sehemu ya katikati ni bati la alumini lililokunjwa kwa ustadi, vipande vya nje ni plaiwudi nyembamba juu ya mbao za balsa, na chini ya tumbo la ndege kuna kirungu kidogo kinachozungusha gia mbili, ambazo nazo huzungusha fimbo mbili zenye hesi, moja kwa kila bawa. Ukizungusha kirungu mara arobaini hivi, mabawa hutoka polepole na kwa usawa, kwa sauti ndogo ya kukwaruza ambayo mke wangu anaifananisha na panya ndani ya gunia la mahindi. Kazi ya mikono ni nzuri sana. Kingo za alumini zimepigwa tupa mpaka hazikati kidole, na rangi imepakwa mara mbili.

Kasoro yake ya kwanza inaonekana mabawa yakiwa yametoka kabisa. Ukiweka sarafu mbili za shilingi ishirini kwenye ncha, ncha inainama milimita tano au sita, na ukiitikisa meza inacheza kama tawi. Sababu ni kwamba kipande cha nje kikishatoka sentimita kumi, kinachobaki kushikiliwa ndani ya sehemu ya katikati ni sentimita nne tu. Nilipomweleza fundi hivyo kwa simu, alinijibu, "Mwalimu, nikikiongeza ndani, kitagonga mwili wa ndege." Jibu lake ni sahihi kuliko alivyodhani, kwa maana huo ndio mtego wa ndege yenyewe. Nusu ya bawa lililofungwa ilikuwa na mita 6.5, ikiwemo sehemu ya mwili; humo ndimo kilipaswa kutoka kipande kinachosogea mita 4, na bado kibaki kipande cha kutosha ndani cha kuhimili mzigo wote wa ncha. Tena mzigo huo unakuwa mbaya zaidi wakati ule ule bawa linapokuwa refu, kwa kuwa nguvu iliyo mbali na mwili hulikunja bawa kwenye shina lake zaidi kuliko nguvu iliyo karibu, kama mtu anayebeba ndoo kwa mkono ulionyooshwa. Mbunifu wa bawa la antena anapaswa kuliimarisha shina kwa ajili ya bawa refu, kisha aruke na uzito huo wote hata anapolitumia bawa fupi. Modeli inayoinama imenifundishia jambo hilo kwa dakika tatu. Ubaoni ningelifundisha kwa kipindi kizima.

Kasoro ya pili ilijitokeza wiki ya tatu, mbele ya wanafunzi. Nilikuwa nimeiweka modeli juu ya mizani ya jikoni, imesimamishwa kwa kijiti, na mbele yake nimeweka feni ili tuone uzito unaosomeka ukipungua hewa inapopita. Kwanza niseme kwamba feni moja haitoshi, na kijitabu kingepaswa kutoa onyo hilo: mabawa yakitoka, ncha zake ziko nje ya upepo wa feni ya kawaida ya mezani, na mizani haionyeshi tofauti yoyote ya maana. Niliazima feni ya pili kwa jirani nikaziweka ubavu kwa ubavu. Hapo mizani ilipungua gramu saba mabawa yakiwa ndani na gramu kumi yakiwa nje. Kwa hesabu tungetarajia kama kumi na moja, lakini upepo wa feni mbili za mezani haujawahi kuwa laini, na nadhani kwa vifaa hivyo matokeo ni ya kuridhisha. Tulipokuwa tukirudia jaribio kwa mara ya nne, gundi iliyoishika gia ya kushoto iliachia. Bawa la kulia likaendelea kutoka, la kushoto likakwama nusu ya njia, na ndege ikainama kushoto, ikateleza kutoka kwenye kijiti, ikaangukia ncha yake kwenye sakafu.

Nilikasirika, sikatai. Gundi ya kawaida ya mbao si kitu cha kushikia gia ya plastiki kwenye fimbo ya chuma, na bei ya shilingi 3,600 kwa modeli hii peke yake ingeweza kabisa kubeba pini ndogo ya kupenyeza. Lakini msichana mmoja aliyekuwa ameketi karibu na mizani aliuliza kama rubani wa kweli angeweza kupatwa na jambo hilo, na swali lake likachukua saa nzima iliyobaki. Bawa moja likiwa na eneo kubwa kuliko jingine, ndege huviringika kuelekea upande wa bawa dogo, na kadiri iendavyo polepole ndivyo usukani wa rubani unavyokosa nguvu ya kuirudisha. Kwa hiyo mtambo wa kutanua mabawa haupaswi tu kufanya kazi. Unapaswa pia kukataa kufanya kazi upande mmoja. Ndege za abiria za leo zina ulinzi wa namna hiyo kwenye flapu zake, yaani vile vipande vya ukingo wa nyuma wa bawa vinavyotokezwa wakati wa kupaa na kutua, ulinzi ambao huzisimamisha zote mara upande mmoja unapoachwa nyuma.

Kuhusu faida, hesabu yake ni nyepesi na inafaa mtoto aifanye mwenyewe. Gawanya 33 kwa 21 upate 1.57, kisha tafuta kipeuo cha pili chake, ambacho ni 1.25. Maana yake ni kwamba, uzito na umbo la bawa vikiwa vilevile, ndege ambayo ingehitaji kilomita 125 kwa saa ili isianguke mabawa yakiwa ndani, ingeridhika na kilomita 100 yakiwa nje. Kilomita 25 zinaweza kuonekana chache, lakini nishati ambayo breki na nyasi zinapaswa kuimeza hufuata mraba wa kasi, na mraba huo unaturudisha kwenye 1.57 ile ile. Wala Mak-10 haikuwa kichekesho cha maonyesho. Iliruka, mabawa yake yakafanya kazi angani, mwaka 1935 ikawekewa injini mpya na kuitwa Mak-101, na baada ya vita Makhonine akaunda nyingine, Mak-123, iliyoruka mwaka 1947. Matoleo matatu katika miaka kumi na sita, yote ya majaribio, na hakuna kiwanda kilichoyatengeneza kwa wingi.

Modeli ya pili ni ya LIG-7, ndege ya Grigory Bakshaev iliyoruka Leningrad mwaka 1937, na baada ya kuishika kwa muda nimeanza kuiheshimu kuliko ile ya kwanza, ingawa haivutii macho kama hiyo. Bakshaev aliliacha bawa lenyewe bila kulisogeza, jembamba, lenye mita 11.3 kutoka ncha hadi ncha. Alichofanya ni kulivisha vipande sita kila upande, kila kimoja kikiwa kikubwa kidogo kuliko kinachofuata, ili vilale vimeingiana karibu na mwili wa ndege kama sufuria zinavyopangwa ndani ya sufuria dukani. Vikivutwa kwa kebo ya chuma iliyozungushwa kwa mkono, vilitambaa kuelekea nchani mpaka vikafunika takriban theluthi mbili ya bawa, na eneo likapanda kutoka mita za mraba 16.56 hadi 23.85. Ukipiga hesabu ile ile utaona faida yake ni ndogo kuliko ya Makhonine: eneo linaongezeka mara 1.44, na kasi ya chini kabisa inapungua kwa takriban sehemu moja ya sita. Lakini bawa halirefuki. Eneo linaloongezeka liko karibu na mwili, mahali ambapo bawa lina nguvu, na shina halilazimiki kubeba mkono ulionyooshwa. Nikilazimika kupanda mojawapo ya ndege hizi mbili, nitapanda ya Leningrad.

Katika modeli, vipande hivyo ni vya plastiki iliyochapishwa kwa mashine, na kebo ni mshipi wa kuvulia samaki unaopita kwenye kapi mbili ndogo. Ilipofika kwangu, vipande vilikuwa vimebana kiasi kwamba mshipi ulikatika siku ya kwanza, na nililazimika kuvipiga msasa kwa jioni mbili kabla havijakubali kutembea. Mtu asiye na subira angeirudisha. Baada ya msasa inafanya kazi vizuri, na inaonyesha waziwazi bei ambayo Bakshaev alilipa: vipande vikishatandazwa, bawa lina ngazi sita ndogo, moja kila mahali kipande kimoja kinapopokea kingine, na hewa haipendi ngazi. Ubavuni mwa bawa jembamba, pale kipande cha mwisho kinapokoma, kuna ukingo mkubwa zaidi. Nimewaambia wanafunzi wapitishe uzi wa sufi mbele ya feni kwenye ukingo huo, nao waliona uzi ukitetemeka pale na kutulia kwingine. Baadaye Bakshaev alilipeleka wazo hilo kwenye ndege ya kivita, RK-I, yenye mabawa mawili yaliyofuatana ambayo nafasi kati yao ilifunikwa na vipande vya kutandazwa. Ndege hiyo ya mwaka 1940 haikuwahi kuruka. Kijitabu kinaitaja kwa sentensi moja, na sentensi hiyo ilistahili kuwa ukurasa.

Modeli ya tatu sitakaa nayo sana. Ni IS-1 ya Vasily Nikitin na Vladimir Shevchenko, ndege ya kivita ya Kisovieti iliyoruka tarehe 29 Mei 1940 ikiwa na mabawa mawili, la juu na la chini. Baada ya kupaa, bawa la chini lilikunjwa pamoja na magurudumu: nusu yake ya ndani ikalala kwenye ubavu wa ndege na nusu ya nje ikajificha chini ya bawa la juu, na ndege ikaendelea na bawa moja. Eneo lilishuka kutoka mita za mraba 20.83 hadi 13, mabadiliko makubwa kuliko ya ndege nyingine mbili za seti hii. Wanafunzi wanaipenda kupita kiasi kwa sababu ina springi, na ukibonyeza kitufe kila kitu hukunjika kwa mlio mmoja, kama kiti cha kukunja cha matangani. Mimi siipendi kwa sababu hiyo hiyo. Springi inaficha ugumu wote, mtoto hajui ni nini kimesogea wala kwa utaratibu gani, na zaidi ya hayo bawa la juu la modeli halikuchimbwa mahali pa kulilaza lile la chini, kwa hiyo likikunjwa linabaki likining'inia milimita tatu chini yake. Katika ndege yenyewe, shimo hilo la kulaza bawa ndilo lililokuwa kiini cha ubunifu. Kulitoa ni sawa na kuuza kufuli lisilo na tundu la ufunguo. Ndege hiyo nayo haikuingia kiwandani. Ndege mpya za bawa moja zilikuwa zimeshaipita kwa kasi bila kukunja chochote.

Kijitabu cha kurasa kumi na mbili ni jambo la kusifiwa, kwanza kwa kuwa kimeandikwa kwa Kiswahili kinachosomeka, na pili kwa kuwa mchoraji wake anajua kuonyesha kitu kilichokatwa katikati ili ndani paonekane. Kina kosa moja la kweli ambalo nimemwomba fundi alirekebishe. Kinasema kwamba Waingereza walilitupa angani bawa la juu la ndege yao ya kivita ya Hurricane. Bawa hilo la ziada lilifungwa kweli kwenye Hurricane moja na kampuni ya F. Hills & Sons ya Manchester, na ndege hiyo, iliyoitwa FH.40, iliruka mwaka 1943, lakini haikuwahi kuliachia bawa hilo ikiwa angani. Iliyoliachia ni ndege ndogo ya majaribio ya kampuni hiyo hiyo, Bi-mono, tarehe 16 Julai 1941, juu ya bahari, na ikaendelea kuruka baada ya kushuka kidogo tu. Kosa hili ni dogo kwa tarehe lakini limemnyima msomaji swali zuri, kwa maana bawa linalotupwa humsaidia rubani kupaa na mzigo mzito, ila wakati wa kutua hana namna ya kuliita lirudi. Ni nusu ya jibu, na inafaa tu pale ambapo mafuta au mabomu yaliyoilemea ndege wakati wa kupaa yatakuwa yamekwisha wakati wa kurudi.

Kuna pia mambo mawili yaliyoachwa. La kwanza ni Nairobi yenyewe. Wilson, uwanja wetu wa ndege ndogo, iko takriban mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, na hata siku ya baridi hewa yake ni pungufu kwa karibu asilimia kumi na tano kuliko ya Mombasa. Ndege ambayo Mombasa ingehitaji kilomita 100 kwa saa ili ibebwe, hapa inahitaji kama 109, na jua la Februari likiwaka inahitaji zaidi. Shemeji yangu, ambaye alikuwa fundi wa ndege pale Wilson kwa muda mrefu, huwa anasema kwamba marubani wageni huijua Nairobi wanapoona njia ya kurukia inakwisha mapema kuliko walivyozoea. Karakana ya Kariobangi ina bahati ya kuuza somo la mabawa katika mji ambao kila siku unalipa gharama ya hewa nyepesi, na kijitabu chake kinaongea kana kwamba sote tunaishi Lamu.

La pili ni zito zaidi, na ndilo lalamiko langu kubwa kuhusu seti nzima. Mtoto akizimaliza modeli hizi tatu anabaki na dhana kwamba bawa linalokua lilikuwa wazo la ajabu lililokufa. Halikufa. Mmarekani Harlan Fowler alibuni katika miaka ya 1920 flapu inayoteleza kwanza nyuma kisha chini kutoka kwenye ukingo wa nyuma wa bawa, kiasi kwamba inaongeza eneo na wakati huo huo inalipinda bawa lishike hewa zaidi. Kufikia mwaka 1937 ilikuwa kwenye ndege ya abiria ya Lockheed 14, na hadi leo jamaa zake wako kwenye kila Boeing 737 inayotua JKIA, uwanja mkuu wa Nairobi. Linganisha na wenzake. Makhonine alisogeza sehemu kubwa ya bawa umbali wa mita nne. Nikitin na Shevchenko walikunja bawa zima pamoja na magurudumu. Mfaransa Jacques Gérin, ambaye seti haimtaji kabisa, alitengeneza mwaka 1936 ndege ambayo bawa lake lilitanuka kwa upana badala ya urefu, na huyo ndiye aliyekuwa karibu zaidi na njia ya Fowler. Fowler alisogeza ubao wa nyuma tu, kwa umbali mfupi, juu ya reli zilizofungwa mahali ambapo bawa lina nguvu tayari, na akapata kwa kupinda kile ambacho wengine walikitafuta kwa kurefusha. Kipande kimoja cha bawa chenye flapu ya namna hiyo, hata cha sentimita kumi na tano, kingeikamilisha seti hii. Mwanafunzi aliyewahi kukaa dirishani nyuma ya bawa katika safari ya Mombasa ameshaiona ikitoka, na hakuwa na jina la kuipa.

Huduma ya karakana ni ya kuridhisha, kwa mwendo wake. Nililipa kwa M-Pesa siku ya Jumanne nikaahidiwa modeli Ijumaa. Zilifika Jumatano iliyofuata, kwa boda boda, zimefungwa kwa magazeti na sponji vizuri kiasi kwamba hakuna kilichovunjika njiani. Gia ya kushoto ilipoachia niliirudisha modeli mwenyewe Kariobangi. Fundi aliipokea bila kubishana, akaniketisha kwenye kreti, na kuitengeneza mbele yangu: alitoboa gia na fimbo kwa pamoja kwa keekee nyembamba, akapitisha kipande cha waya wa chuma na kukipinda kila upande. Ilimchukua dakika kumi na tano, na hakunitoza. "Ningejua, mwalimu, ningeanza hivi," aliniambia, nami nikamwambia kwamba Makhonine pengine alisema hivyo hivyo mara kadhaa. Akauliza Makhonine ni nani. Ikabainika kwamba kijitabu kiliandikwa na mpwa wake, na yeye alikuwa amefuata michoro tu bila kujua ni ndege ya nani, jambo ambalo lilinifanya nizistahi kingo zile za alumini mara mbili zaidi.

Kwa anayetaka kununua, ushauri wangu ni kwamba asichukue seti nzima. Modeli ya Mak-10 ya shilingi 3,600 inafaa shule yoyote inayofundisha nguvu na mizani, mradi uhakikishe kwanza kwamba gia zake zina pini. LIG-7 ya shilingi 2,900 ni ya mwalimu mwenye msasa na subira, na atakayeivumilia atapata somo zuri kuliko lote lililomo humu. IS-1, shilingi 2,400, ni mchezo wa kuchezea, na kwa pesa hizo iko mingine. Fundi ameniahidi kwamba toleo la pili litakuwa na kipande cha flapu na shimo la kweli chini ya bawa la juu la IS-1, kwa nyongeza ya shilingi 900, nami nimemwachia amana ya shilingi 500. Hadi hapo, Mak-10 itabaki mezani. Ile ya kukunja nimempa mjukuu wangu, na kufikia jana alikuwa ameikunja na kuikunjua mara nyingi kiasi kwamba springi imeanza kulegea, na sasa bawa la chini linashuka polepole, hatua kwa hatua, na kwa mara ya kwanza mtu anaweza kuona ni kipi kinaanza kusogea.